Mpeasi Uliolazwa Kwenye Uzio

Kaka Masanja,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia.

Mpeasi wako umekatwa. Nakwambia hilo kwanza, maana ndilo dogo.

Uliporudi kutoka Lushoto, kazi ya ujenzi imekwisha, ulikuja na mche mmoja umeviringishwa kwenye gunia lililolowana. Ulikuwa umeona huko mipeasi iliyolazwa ukutani, matawi yamenyooshwa kushoto na kulia, mti mzima bapa kama mkeka uliotundikwa. Nikakuuliza utaupanda wapi, na nyumba yako hapa Kirumba imebanwa na mawe mbele na nyuma. Ukasema, "Ardhi hatuna, Minza, ila uzio tunao." Ukachukua waya wa kuanikia nguo wa mkeo, ukaukaza kwenye nguzo, mimi nimekushikia ncha. Kila tawi ulilipinda likiwa bichi, ukalifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Wifi Leticia alinuna, nguo zake akawa anaanika juu ya mawe. "Ufungue huo mti, mume wangu," alikuwa anakwambia. "Nikiutazama mabega yananiuma." Ukacheka tu. Ukasema tawi halisikii maumivu, linasikia jua.

Haukuzaa hata peasi moja. Joto la huku, labda. Wewe hukujali, kila jioni ulikuwa pale unakaza na kulegeza.

Siku ya kuanua matanga, shangazi yetu wa Kisesa, ambaye hakuwahi kufika kwako ukiwa hai, alikwenda kunawa mikono karibu na uzio. Akasimama pale. "Huyu ni nani amefungwa hapa?" Watu wakageuka. Shina moja, mikono imetandazwa, imefungwa kwa mpira mweusi. Daktari alituambia kilichokuua ni ini, Mama alikuwepo, alisikia kwa masikio yake. Lakini nilimwona anavyoutazama ule mti, nikajua amepata alichokuwa anakitafuta tangu tulipokuzika.

Mama akampa Leticia kisu. "Uliyemfunga, mfungue."

Nikasema aliyeufunga ni wewe. Nikasema waya niliushika mimi, kwa mikono hii. Mama hakupandisha hata sauti. "Nyamaza, Minza. Umekula naye sufuria moja, huwezi kumwona."

Wifi akakata. Mpira ukaanguka kipande kwa kipande, na matawi yakabaki palepale. Wewe ungeelewa, yalikuwa yameshakomaa hivyo. "Mnaona," Mama akasema, taratibu, kama anayesali. "Amefunguliwa na bado hawezi kushusha mikono." Wanawake wakaanza kulia upya. Leticia akataka kuwaonyesha kwamba ni mti tu, akalisukuma tawi moja chini, likavunjika. Hapo ndipo walipomkamata.

Hawakumpiga sana. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo wanavyosema wenyewe, kama watu wanaosubiri kushukuriwa. Baba mdogo akalimaliza shina kwa panga. Wifi akatolewa nje na nguo alizovaa, akaenda kwao Nansio. Binti yenu Holo akabakizwa. Mtoto ni wa ukoo, wakasema. Nilimwendea mwenyekiti wa mtaa, akaniambia mambo ya msiba yana wenyewe.

Mama anampenda mwanao, hilo siwezi kumnyima. Anamwogesha, anamsuka, anampakata. Na akiwa amempakata anamfundisha. Niliwasikia nikiwa jikoni. "Nani alimfunga baba?" anauliza, kwa upole kabisa. Na Holo anajibu kama anavyotaja rangi za chekechea: "Mama."

Kaka, ningefanya nini? Jumapili moja nilimvalisha kama tunakwenda kanisani, nikapanda naye meli ya Nansio. Katikati ya ziwa akaniuliza tunakwenda wapi. Nikasema kwa mama yako. Hakupiga kelele. Alijikojolea. Akanikumbatia shingo akaninong'oneza nisimwache huko, atamfunga na yeye.

Leticia nilikuwa nimempigia simu, alikuwa anatusubiri bandarini. Holo akajificha kwenye sketi yangu. Wifi alichuchumaa mbali kidogo, mikono ameiweka magotini, hakuinyoosha. Nadhani alielewa. Alikaa vile mpaka abiria wote wakaisha, na mtoto hakwenda. Ikabidi nimbebe mwenyewe mpaka kwao, nikamwacha huko.

Mama anasema alizaa wawili na amezika wote wawili. Nikipita kwake mlango unafungwa. Jirani anasema Mama hali chakula vizuri, na usiku anamwita Holo. Namhurumia. Kisha nakumbuka ile sauti yake ya upole, na huruma inakatika.

Wifi hajaniomba chochote ila nisiache kwenda, maana mtoto hapati usingizi nisipokuwepo. Kwa hiyo nikipata nafasi navuka. Safari iliyopita Holo alikubali kupokea tonge la ugali kutoka mkononi mwa mama yake. Alitafuna, akameza, halafu akanigeukia, akasubiri nimwambie kama atakufa.

Nikamwambia hafi. Akasema, "Una uhakika, shangazi?" Leticia alikuwa palepale, anasikia, ameshika tonge la pili.

Pumzika, Kaka. Nakuahidi sitaacha kuvuka, mpaka siku ambayo atakula bila kunigeukia.

Mdogo wako,
Minza