Zamu Yangu ya Kubeba Taa

Jumatatu, 6 Oktoba
Mafundo tena. Asubuhi nzima kamba, vidole vimechubuka. Mwalimu anasema kiongozi wa watalii asiyejua fundo ni mchuuzi wa maiti. Anapenda maneno ya namna hiyo. Janvier, jirani yangu darasani, amefunga lake huku anatafuna andazi, kisha akafungua langu na kulifunga upya bila kuniuliza. Siku kama hizi namchukia. Bila yeye ningefeli tangu mwaka wa kwanza.

Mwezi huu kila mwanafunzi ataongoza kikundi siku moja, kwa alama. Volkano imefungwa, watalii hakuna. Baba anauliza nitamwongoza nani. Nimemwambia wenzangu wa darasa.

Jumatano, 8 Oktoba
Somo la mazuku. Gesi ya ardhini, haina rangi, inatuama kwenye mashimo ya mawe ya volkano, hasa asubuhi kabla ya upepo. Nani hapa Goma hajaona mbuzi aliyekufa shimoni bila jeraha? Chombo cha kupimia kiliporwa vita ilipoingia mjini. Sasa tunatumia taa ya mafuta. Kiongozi anatangulia, taa inaning'inia kwenye kamba karibu na ardhi. Ikizimika, gesi ipo: wote mnarudi juu. Na amri ya kiongozi haina mjadala.

Janvier akanyoosha mkono. "Kwetu Kalengera tulijifunzaka moja tu: ukisikia masasi, tafuta fasi ya chini kabisa." Tulicheka wote, maana risasi kila mtu hapa anazijua. Hata mwalimu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kesho mimi. Nimeangalia mafuta ya taa mara tatu.

Ijumaa, 10 Oktoba
Janvier amekufa.

Jumapili, 12 Oktoba
Niandike, la sivyo nitaanza kujidanganya.

Mugunga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tulikuwa sita pamoja nami. Mwalimu juu ya ukingo na daftari lake la alama. Taa ilikuwa inawaka vizuri. Tukafika karibu na shimo, nikataka kuteremsha taa nipime. Hapo risasi zikalia, karibu, upande wa barabara ya Sake.

Sikufikiri. "Laleni! Kila mutu chini!" Nikajitupa ubavuni mwa jiwe. Taa ikanitoka, ikabiringika shimoni, ikazimika. Nikadhani imezimika kwa kuanguka. Wengine walilala pale pale kwenye mteremko. Janvier alinipita, akashuka hadi chini kabisa.

"Hakuna kusimama mupaka niseme." Nilisema hivyo, kwa sauti nzuri, sauti ya kiongozi. Niliipenda. Risasi zikanyamaza, nikaendelea kungoja kwa sababu ndivyo tulivyofundishwa. Niliposema simameni, tulisimama watano.

Mwalimu alibana pumzi akashuka na kamba. Fundo nililifunga mimi. Halikuachia. Tukamvuta, tukampulizia pumzi mpaka jua likawa kali.

Wanasema wenye bunduki walikuwa wanafyatua hewani tu.

Jumanne, 14 Oktoba
Ripoti ya chuo iko tayari. Inasema Janvier alitoka kwenye mstari bila ruhusa. Inangoja saini yangu, kiongozi wa siku. Nikisaini, ninaendelea na masomo. Mwalimu alikuwa anaangalia viatu vyake. "Bila saini yako chuo itafungwa, Mwamini. Wengine nao wako na maisha."

Sijasaini. Sijakataa pia. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 16 Oktoba
Mama yake Janvier amefika kutoka Kalengera. Nimemkuta msibani kwa shangazi yake Janvier, amekaa sakafuni. Chuo kimeshamwambia mwanawe alikataa amri. Kila anayeingia, mama huyo anamwambia, "Janvier hakuwa mukaidi." Kama anayemwombea msamaha.

Akaniangalia. "Ni wewe ulikuwa mbele?"

"Ni mimi, mama."

"Mutoto yangu alikusikia?"

"Alinisikia, mama. Nilisema alale, akalala. Nilisema asisimame, akanitii."

Hakulia. Hakunigusa. Aliita wajomba zake Janvier waliokuwa nje, akaniambia niseme tena mbele yao. Nikasema, neno kwa neno.

Kutoka pale nilikwenda chuoni moja kwa moja. Nimerudisha ripoti bila saini. Chini yake nimeandika nilichosema msibani.

Jumamosi, 18 Oktoba
Nimefukuzwa. Barua ya mistari miwili. Baba ameisoma, ameikunja, amekwenda msikitini.

Jumapili, 19 Oktoba
Risasi jioni hii, mbali kidogo. Baba, mama, wadogo zangu watatu, wote sakafuni kama kawaida. Mimi nilibaki wima katikati ya chumba. Mama akanivuta kitenge, "Lala, Mwamini, lala." Miguu ilikataa.

Kulipotulia baba alisema tuinuke. Waliinuka mmoja mmoja, wakijipangusa vumbi. Mama amerudi kutwanga sombe yake, majani ya muhogo. Nikawahesabu. Wote wapo.