Mwanahawa Ameolewa na Madoa Yake

Somo yangu mpenzi, Binti Hamadi,

Mwanao kaolewa! Jana alasiri, hapa hapa Kariakoo, uani kwangu watu wamejaa mpaka kuku wakakimbilia juu ya paa. Sauti imenikauka kwa vigelegele, ndiyo maana naandika. Wewe ndiye uliyenifunda nikiwa mwari. Nisipokwambia wewe, nimwambie nani?

Ulipotutoka, Mwanahawa alikuwa amekwisha poswa na Idi, yule fundi wa karakana ya reli kule Gerezani. Tulipomaliza arobaini yako, siku moja namsuka, nikaona madoa meupe shingoni. Nikashusha kanga: mgongoni pia, mengine kama punje ya dengu, mengine yameungana. Nikasema nitayatazama vizuri kesho. Sikuwahi. Mama Idi alikuja kutuletea samaki, akayaona, akaweka kapu chini.

"Huu ukoma," akasema. "Mwanangu haoi hapa."

Hata kwaheri hakuaga. Kabla jua halijachwa, Msimbazi nzima inajua, na jirani mmoja akaja kunitaka nimtoe mtoto nyumbani. Nikamwambia hata ukiwa ukoma, huyu mtoto wetu, atalala hapa. Nilisema hivyo, somo, lakini sikuwa na hakika. Miaka yote tuliyoogesha watoto wa mtaa, wewe ndiye uliyesema hili choa, hili la kupeleka hospitali. Mimi nilichota maji. Sasa hupo, na Mwanahawa kajifungia chumbani, hali chakula.

Asubuhi nikamkalisha mlangoni penye mwanga. Nikamwambia afumbe macho, nikachukua unyoya wa kuku, nikaupitisha juu ya doa, halafu penye ngozi nzima, halafu juu ya doa tena.

"Hapa?"

"Hapo."

"Na hapa?"

"Hapo pia, Dada Zuhura, unanitekenya!"

Kumsikia mtoto yule anacheka, somo! Doa la ukoma hufa ganzi. Ulikuwa ukiniambia usitishwe na rangi, iulize ngozi kama inasikia. Nikakwaruza kidogo kwa ukucha, yakatoka maganda laini kama unga wa muhogo. Mba! Mba tupu, ya jasho na joto letu hili!

Hata hivyo sikutaka liwe neno langu peke yangu. Tukaenda dispensari ya serikali. Dresa, yule msaidizi wa daktari, akampima kwa pamba na pini, akampapasa viwiko kutafuta mishipa iliyovimba, akasema ni mba. Akatupa marhamu ya kiberiti, ule unga wa manjano unaonuka, akatuonya kwamba maganda yatakwisha upesi lakini rangi itachukua miezi kurudi. Tusije tukadhani dawa imeshindwa, tukaanza kumsugua mtoto kwa ndimu na jiwe.

Nikaenda mbio kwa Mama Idi. Shikamoo yangu aliiitikia kwa shida, kasimama mlangoni, mikono ndani ya kanga. Mimi naeleza, yeye anajikuna. Naeleza, anajikuna. Kanga ikateleza, nikaona katikati ya vidole vipele na vidonda vya kucha.

"Mama," nikamwuliza polepole, "usiku hulali?"

Akalia pale pale. Alikuwa akificha tangu mfungo, akidhani ukoma umekwisha mwingia yeye mwenyewe. Ndipo nikaelewa kwa nini alilikimbia doa la Mwanahawa. Kumbe upele! Nilitaka kuruka kwa furaha, nikajizuia, nikamshika ile mikono.

Tukafanya vile ulivyokuwa ukifanya. Nyumba nzima siku moja, hata wasiojikuna, marhamu ile ile ya kiberiti toka shingoni mpaka nyayoni. Nguo na shuka tukazichemsha, mikeka tukaianika juani. Idi alipiga kelele kwamba ananuka kuliko moshi wa garimoshi! Mama yake akalalamika bado anawashwa, nikamwambia avumilie, kuwashwa huchelewa kuondoka hata wadudu wakishakufa. Wiki iliyofuata tukarudia. Baadaye akanitumia habari, amelala mpaka jua limempata kitandani, na posa iko pale pale.

Basi jana! Madoa bado yako shingoni, yameanza tu kufifia. Wapambaji wakataka kuyafunika kwa poda. Mama Idi akaingia, akamnyang'anya mmoja kile kikopo.

"Mwacheni mkwe wangu," akasema. "Ana nini cha kuficha?"

Akaivuta kanga ya bibi harusi chini ya mabega, akambusu penye doa, mbele ya wanawake wote! Chumba kilipasuka kwa vigelegele. Na yule jirani, somo, alikuwepo. Kala pilau sahani mbili.

Nililia kidogo jikoni. Nilitaka uwepo. Nilitaka sana uwepo.

Haya, pumzika, Mungu akupe nuru huko uliko. Nakuahidi hivi: maadamu nina macho na mikono, hakuna mtoto wa mtaa huu atakayefukuzwa kwa ajili ya doa kabla sijamkalisha penye mwanga nikamgusa.

Mwari wako,
Zuhura