Mkono wa Shemeji Yako

Dada yangu mpenzi,

Watoto wazima, na paa limeacha kuvuja. Juzi nilipiga kinanda harusini. Usishtuke; mkono wa kushoto bado umekufa ganzi tangu nilipougua, kwa hiyo shemeji yako alikaa kando yangu, akinibadilishia sauti za ala kwenye kompyuta iliyounganishwa na kinanda kila nilipomtupia jicho.

Bibi harusi alipoingia nilitaka fidla laini, yeye akabonyeza tarumbeta. Watu walicheka, bibi harusi akaanza kucheza.

"Nimekuharibia," alininong'oneza.

"Iache hivyohivyo, mume wangu."

Kiongozi wa bendi tuliyopiga nayo, aliyekuwa anatafuta mpigaji mwingine badala yangu, ametuita tena, sote wawili. Sasa shemeji yako anafanya mazoezi kunishinda.

Mdogo wako akupendaye.