Ulikuwa Unakwenda Philadelphia

Baba Mdogo,

Najua kwa nini lori lako lilikutwa upande ule wa milima. Nimejua tangu siku ya kwanza na sijamwambia mtu. Hata katika maombi nalipita jambo hili haraka, kama mtu anayepita mbele ya mlango uliofungwa.

Mwalimu wa historia alitupa kazi: chagua miji mitano ya Amerika iliyo muhimu kuliko yote katika historia ya taifa, kisha uitetee. Nilikusomea orodha yangu kwenye simu, wewe ukijaza mafuta Ohio. Philadelphia, Boston, Washington, New York, New Orleans. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Profesa, Chicago umeiacha wapi? Mizigo yote ya nchi hii inapishana Chicago!" Nikakueleza kwamba Philadelphia ndiko walikotangaza kwamba wao ni taifa, na New Orleans ndiko watu walikouzwa kama hiyo mizigo. Halafu ukasema, "Miaka sita naizunguka Amerika, naijua mgongo tu. Maghala na maegesho. Uso wake sijauona."

Nikasema, "Basi ukifika Philadelphia nipigie picha ya ile nyumba walimotia sahihi tangazo lao la uhuru." Nilisema kama mchezo. Sikufungua hata ramani.

Siku ile ulinipigia mchana, nikiwa maktaba ya shule kama kawaida yangu wenzangu wanapokula. Ulikuwa umeshusha mzigo Pittsburgh, na ulikuwa na siku moja ya kupumzika. "Ni mwendo wa saa tano tu. Lori nitaliacha nje ya mji, nipande treni. Usimwambie Mama Mdogo, atasema nimerukwa na akili, na theluji hii." Nilisikia upepo kwenye simu yako. Ningeweza kusema usiende. Nilisema, "Kweli?" Nilifurahi, Baba Mdogo. Nilifurahi sana.

Hukufika. Lori lilikutwa limepinduka kwenye theluji ya milimani, nawe ndani yake.

Bosi wako alimwambia Baba, "Mzigo wake uliishia Pittsburgh. Huko mbele alifuata nini, sijui." Alifuata nini. Neno hilo limeingia kwetu kama baridi inayopita chini ya mlango. Siku ya mazishi, mama mmoja wa kanisa alikuwa jikoni anakoroga sombe, yale majani ya muhogo. Akasema, "Madereva hawa, kila jimbo wana nyumba." Wenzake wakacheka kidogo, kisha wakainamia sufuria, maana Mama Mdogo, mke wako, alikuwa amesimama nyuma yao na sahani mkononi.

Tangu hapo halii tena. Hilo ndilo linalonitisha. Kule kwenu Hopkins amefunga nguo zako kwenye mifuko myeusi ya takataka na kuipanga karibu na mlango. Kila tukienda umeongezeka mmoja. Picha ya harusi imegeuzwa ukutani. Daniel, mwanao, ana miaka mitano tu, na ameshajifunza kutokutaja jina lako.

Jumamosi ni maombi ya kuondoa kilio. Mama Mdogo alimwambia Baba mbele yangu, kwa sauti ya mtu anayeagiza mkate, "Shemeji, nitakuja. Nitasimama mbele ya watu wote niwarudishie pete yenu." Baba alikaa na koti lake mwilini mpaka chai ikapoa.

Nikinyamaza, pete itarudi, na Daniel atakua akijua baba yake alikufa njiani kwa mwanamke mwingine. Nikisema, mimi ndiye niliyekupeleka kule. Hakuna shahidi wa simu ile, na sijui nani kwetu atakubali tena kunipikia, nani atanitazama usoni. Insha yangu ya miji mitano ilipata alama za juu. Wameibandika kwenye korido ya shule, Philadelphia ya kwanza. Siku hizi nazungukia ngazi za nyuma nisiione.

Pumzika, Baba Mdogo. Nakuahidi jina lako halitazikwa hivyo.

Naendelea hapa, Jumamosi jioni.

Asubuhi nilipanda basi peke yangu kwenda Hopkins. Mama Mdogo alikuwa anamfunga Daniel zipu ya koti. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sababu Kiingereza kingenificha: "Mama Mdogo, alikuwa anakwenda Philadelphia. Mimi ndiye niliyemwomba." Nikaeleza kazi ya shule, ile nyumba, simu ya mchana. Aliuliza swali moja tu: "Alikuwa anacheka?" Nikasema ndiyo. Akaketi sakafuni, akalia, kisha akaniambia nitoke nje. Nilikaa kwenye ngazi mpaka alipofungua mlango, tukaenda kanisani pamoja.

Mchungaji alipoita familia izungumze, nilisimama mimi kwanza. Niliwaambia watu wote ulikokuwa unakwenda, na nani aliyekutuma. Kisha nikakaa. Mama Mdogo hakusimama. Pete ilibaki kidoleni mwake.