Mikoko Tuliyoikata Sisi

Sekei, Arusha
Alhamisi, 15 Mei. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu, baridi. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumatatu.

Kaka Hamad,

Shikamoo, na amani iwe juu yako na nyumba nzima. Magoti ya mama yanasemaje na mvua hizi? Na bondeni, mmepata kupanda mpunga mwaka huu, au chumvi bado imekaa? Mimi mwili ni mzima. Kazi ni ile ile, kupeleka chai na kufuta meza kwenye ukumbi wa mikutano. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu ningeanza kusema hili, halafu ningesingizia mtandao nikakata.

Wiki hii tuna mkutano wa watu wa nchi ndogo za visiwani. Juzi walikuwa wakieleza jinsi bahari inavyokula fukwe na kutia chumvi visima. Msimamizi wetu, Mama Massawe, akanisukuma kiunoni: "Wewe Mpemba, si ya kwenu hayo? Sema!" Nikasimama na aproni yangu. Nikaeleza bonde letu lilivyogeuka jeupe, na kisima cha baba kisivyonyweka tena. Ukumbi wote ulinigeukia, kaka.

Kisha mama mmoja wa Komoro, Bi Echata, akaniuliza, "Na mikoko iliyokuwa ikiizuia bahari, binti, nani aliikata?"

Nikajibu, "Watu wa ng'ambo ya hori la bahari."

Jibu lilitoka kama nililolikariri. Wakapiga makofi. Jikoni wenzangu wakanipokea kwa kicheko: "Mheshimiwa, meza ya tatu wanaomba sukari!" Nami nikacheka, nikajiona mtu.

Jioni nilifungua daftari langu la kidato cha pili. Unajua siachi kuandika siku zangu. "Jumamosi. Jua kali. Kaka kakata boriti za mikoko korja mbili, arobaini nzima. Mimi nimehesabu na kupakia." Kurasa kwa kurasa ni hivyo. Uliacha shule ukaingia matopeni na shoka ili mimi nimalize kidato cha nne, na kusoma kwenyewe ndiko kulikonipa ulimi wa kusimama mbele za watu nikamsingizia jirani. Tena jirani gani? Mama anajaza ndoo zake wapi kila alfajiri, kama si kisimani kwa Bi Time, huko huko ng'ambo?

Jana nikasikia baya zaidi. Wageni hawa wanakuja kwetu mwezi ujao kupanda mikoko na wanakijiji, na kwenye karatasi zao wameandika kwamba watu wa ng'ambo, kwa kuwa ndio waliokata, wasishirikishwe, na sheha wa kijiji awazuie kukanyaga upande wetu. Maneno yangu hayo, yangesomwa mbele ya Bi Time mwenyewe.

Nikamfuata Bi Echata akinywa chai.

"Tulikata sisi," nikamwambia. "Kaka yangu, na mimi nikipakia."

Aliweka kikombe chini. "Jana ulisema wengine."

"Nilisema uongo. Niliona haya."

Akakisukuma kando. "Kwetu tulichota mchanga wa ufukweni tukajengea nyumba. Yangu sasa inaingia maji. Lakini jirani sikumtaja, binti."

Neno hilo linaniuma mpaka sasa. Alifuta ule mstari mbele yangu, akauliza aandike nini. Nikataja jina langu, kisha lako. Sikukuomba ruhusa. Shida uliyoibeba kwa ajili yangu imekaa kwenye karatasi ya wageni kama kosa lako, na aliyeipeleka huko ni mimi. Nisamehe, kaka.

Nakuomba uvuke kabla hawajafika, umweleze Bi Time nilichosema, neno kwa neno. Usinipunguzie. Akikasirika hata amzuie mama kuchota, nijulishe, nitaomba likizo nije nimwangukie miguuni mwenyewe. Mama naye umwambie, lakini umwambie wewe, asilisikie kisimani.

Msalimie mama, shemeji na wanao wote watatu, na mwalimu wetu wa Kurani chuoni kama bado ana nguvu. Bi Time pia msalimie, ila baada ya kumweleza, si kabla.

Mdogo wako,
Raya

Ijumaa asubuhi, kabla sijafunga bahasha. Mvua imekatika. Jana nililala saa nane na dakika kumi usiku kwa kuirudia barua hii; naituma ilivyo.