Lori Halijauzwa, Baba

Baba,

Lori lako halijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, usingesikia neno lingine lolote mpaka uambiwe hilo kwanza. Sasa tulia nikueleze, maana mengine hutayapenda.

Nyumbani tuko salama. Mama, mwaitu wetu, magoti yanamsumbua baridi ya Mitaboni ikianza, lakini bado hakubali mtu ambebee kuni. Shule ya msingi siku hizi ni bure kweli, haikuwa siasa kama ulivyodhani, na watoto wa kaka Mutiso wote wanakwenda, hata yule mdogo aliyekuwa akikufichia viatu. Mutiso mwenyewe amenunua simu ya mkononi. Akitaka kuongea inabidi apande mpaka kwenye mtaro wa juu kabisa wa shamba, na kijiji kizima kinasikia biashara zake. Kaburi lako tumeliwekea saruji. Kando nimepanda yale maua ya zambarau uliyokuwa ukiyaita magugu.

Lori naliendesha mimi. Miezi ya kwanza baada ya kukuzika aliliendesha Mutiso, kwa sababu ni mwanamume na kwa sababu wajomba walisema hivyo, kisha akachoka kuamka saa kumi alfajiri. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Niliokota tu funguo mezani. Ulinifundisha wewe, Baba, kwa matusi mengi na subira kidogo, na nilijua kulipandisha mlima kabla Mutiso hajajua gia ya kurudi nyuma iko wapi.

Sasa nikwambie kilichotokea. Ilikuwa Ijumaa, siku ya soko, tunatoka Katangi na maembe. Lori lilikuwa limejaa, na akina mama wameketi juu ya mizigo yao vile walivyozoea tangu enzi zako. Mama Wayua, yule muuza maembe uliyembeba tangu akiwa msichana, alikuwa mbele pamoja nami kwa sababu ya mgongo wake. Tulipoanza kupanda mlima wa mwisho kabla ya Machakos nikasikia harufu ya chuma kinachoungua. Mshale wa kipimo cha joto ulikufa zamani, unajua. Wewe ulikuwa unatumia pua. Yangu ilichelewa. Kabla sijapata mahali pa kusimama injini ikazimika, na injini ya lori hilo ikizimika breki zinakuwa ngumu kama ukuta. Tukaanza kurudi nyuma.

Tulirudi nyuma na watu juu, Baba. Nilisimama juu ya breki kwa miguu yote miwili, nikakata usukani, nyuma ikaenda ikajigonga kwenye ukingo wa udongo tukasimama. Upande ule mwingine ni bonde. Hakuna aliyeumia. Mama Wayua alifungua mlango akashuka, akakaa kwenye nyasi na kuvua viatu, na mpaka leo sijui kwa nini alivua viatu. Maembe yalishinda juani. Yale yaliyofika sokoni jioni yalinunuliwa na watu wa kukamua juisi tu, na wale akina mama walirudi makwao bila kuniangalia usoni.

Jumapili baada ya kanisa Mutiso akatuketisha. Alikuwa ameshapata mteja, mtu wa Machakos anayekatakata magari na kuuza vyuma. Alisema, "Hii gari imezeeka, Ndunge. Hata baba angekuwa ameiuza." Uongo mtupu, na alijua ni uongo, ndiyo maana alikuwa anatazama kikombe. Kisha akasema lori si kazi ya msichana. Nikamwambia sawa, basi Ijumaa aamke yeye. Akasema hayo ni mambo mengine.

Mdomo nilikuwa nao siku hiyo, lakini ndani niliogopa. Kila nikikaa kimya nilikuwa naona lile bonde. Watu walikuwa wakiniambia, wacha hiyo kitu, itakuzika. Nikaanza kujiuliza kama ninalitetea lori au ninakutetea wewe. Kama ni wewe, basi ningekuwa ninaweka akina mama wa watu juu ya mlima kwa sababu ya huzuni yangu, na huo ni ujinga. Kwa hiyo nikasema sitaliuza na sitalipakia mpaka nijue lilikufa kwa nini.

Tulilivuta mpaka Mumbuni kwa Fundi Kioko, yule uliyekuwa ukigombana naye kila mara na kurudi kwake kila mara. Akafungua rejeta. Ndani kulikuwa kumeganda kitu cheupe, kimeziba vile vijibomba vyote, maji hayana pa kupita. Kioko alidhani ni kutu ya namna fulani. Nikachokora kwa kidole nikaonja. Ilikuwa chumvi.

Hapo nikakumbuka kufuli.

Baba, unajua ni miaka mingapi tumeishi na lile kufuli? Pipa la maji ya mvua liko nyuma ya nyumba, gata zote za mabati zinamwaga humo, na wewe umefunga kifuniko kwa mnyororo, ufunguo uko kiunoni mwako. Mwaka ule wa kiangazi mwaitu alikuwa anashuka mtoni na kupanda tena na mtungi mgongoni, kamba inamkata kipaji cha uso, na pipa limejaa hapo hapo anapoanikia nguo. Akikuuliza unasema, "Hayo ni ya lori." Basi. Wageni wakija, ya lori. Mtoto akiugua, ya lori. Hukuwahi kusema kwamba maji ya visima vya kule Katangi yana chumvi, na kwamba chumvi hiyo ingeziba rejeta kidogo kidogo mpaka siku moja. Sentensi moja tu ingetosha. Sisi tuliona ni ukaidi wako, na kijiji kilikucheka, na wewe uliacha wacheke.

Kwa hiyo tulipokuzika, wiki haikuisha. Mwaitu alimwita Mutiso na nyundo, akasimama pale mikono kiunoni mpaka kufuli likavunjika. Akachota, akapika chai, tukanywa sote. Ilikuwa chai tamu, Baba, siwezi kukudanganya. Tangu hapo maji ya pipa yakawa ya nyumba, na Mutiso akawa anajaza rejeta kwenye kisima cha Katangi, maana ndiyo maji yaliyokuwa karibu. Yeyote angefanya hivyo, na mimi niliposhika usukani nikaendelea vivyo hivyo.

Usimlaumu Mutiso. Na mwaitu usimguse kabisa. Nilipomweleza habari ya chumvi alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, mara ya kwanza nimemwona anacheka hivyo tangu uondoke. Kisha akasema, "Hata ningejua, ningelivunja." Mimi niko upande wake. Lori lako nalipenda, lakini halikustahili kunywa kabla ya mama yangu. Nimenunua pipa la pili. La kwanza ni la jikoni, halina kufuli na halitakuwa nalo. Likijaa hilo ndipo la lori linaanza kupokea. Kama hupendi, njoo ufunge.

Kioko alichukua muda wake. Kichwa cha injini kilikuwa kimepinda kidogo kwa joto, kikapelekwa kusawazishwa, gasketi ikabadilishwa, rejeta ikafunguliwa yote ikasuguliwa. Nilimuuza ndama wangu kwa ajili hiyo, yule mwekundu, na sijamwambia mtu nilivyohisi alipokuwa anapakiwa. Kazi ilipoisha nilimuuliza Kioko kama naweza kuliamini. Akapangusa mikono kwa muda mrefu. Akasema, "Kutengeneza ni yangu, nimetengeneza. Kuamini, hiyo ni shughuli yako." Akanionyesha pale chesisi ilipochomelewa wakati wako, na springi zilivyochoka. Saa ya kilomita ilisimama kabla mimi sijamaliza shule, kwa hiyo hakuna anayejua limetembea kiasi gani. Chumvi tumeiondoa, uzee haukuondoka.

Nikafanya hivi. Nililipakia mawe ya kujengea mitaro, mzigo wenye uzito kuliko maembe, nikaenda peke yangu kwenye ule ule mlima. Mwaitu hakunikataza, alisimama tu mlangoni na rozari. Nilipanda polepole, gia ya pili, dirisha wazi nisikie. Pale mahali tulipogongea bado pana alama kwenye udongo. Likapita. Nikageuza, nikashuka, nikapanda tena, likapita tena. Huko juu nikalizima nikaegemea usukani nikalia, Baba, kilio chako, kile ambacho siku ya mazishi sikukipata kwa sababu nilikuwa jikoni napikia wageni. Nilikuwa nimekukasirikia na nilikuwa na hamu ya kukuona, yote mawili kwa pamoja, na mawe yako nyuma.

Nikashuka nikiwa nimeamua. Lori nitalibakiza, na nitaliamini na mizigo. Watu sitabeba tena.

Akina mama hawakupenda. Pale sokoni Katangi Mama Wayua alisimama mbele ya lori na kuniuliza tangu lini nimekuwa polisi. Nikamwambia apakie maembe yake, nitayafikisha, yeye apande gari la abiria. Akasema, "Baba yako alitubeba miaka hiyo yote, na hatukuanguka." Nikamwambia baba alikuwa na bahati.

Ndiyo, nilisema hivyo, mbele ya watu. Najua ungenitoa machozi kwa ulimi wako, lakini nilikuwa nimesimama kwenye ile breki na wewe hukuwa umesimama. Ulikuwa dereva mzuri kuliko wote niliowaona, Baba, na ulikuwa na bahati, na hukutaka kujua kipi kilikuwa kipi. Mama Wayua alipakia. Alipofika Machakos alinikuta nimeshamshushia, akaminya embe moja moja akitafuta lililopondeka, asilipate. Hakunisalimu. Ijumaa iliyofuata alikuja tena, bado amenuna, na magunia yake.

Yule mteja wa vyuma alikuja nyumbani. Mutiso hakuwa amemwambia kwamba nimekataa. Alinikuta chini ya lori napaka grisi, akainama akanisalimia "niaje" kama tuko rika moja, akasema gari kuukuu hivi ni la kuwekea kuku. Nilitoka nikiwa na grisi mpaka kwenye viwiko, nikamwambia kuku ninao na wana banda lao. Lakini namba yake nilimwomba. Alishangaa, akaniandikia. Nimeiweka ndani ya Biblia ya mwaitu.

Na hii ndiyo ahadi yangu kwako. Si ile unayoitaka, ya kulitunza milele. Nitalinywesha maji ya mvua, nitalisikiliza, nitapanda nalo mlima likiwa na nguvu. Siku litakapokataa tena pale, hata kama sababu ni ndogo, nitamwita yule mtu mwenyewe, nimwangalie akilikata, na sitakuja kaburini kukuomba ruhusa wala msamaha. Ulinipa kazi, hukunipa mzigo wa kuua watu. Mutiso hataliuza. Wajomba hawataliuza. Nikiliuza, nitakuwa mimi.

Sasa nakuacha upumzike. Jambo moja tu. Ninapoendesha bado nauona mguu wako upande wa abiria, ukikanyaga breki ambayo haipo, vile ulivyokuwa ukifanya ukinifundisha. Kila kona, kila mteremko. Uondoe, Baba. Usukani niko nao mimi.

Binti yako,
Ndunge