Maoni Yaliyobandikwa Ukutani

Dada yangu,

Sisi wazima, hata cherehani imepona.

Juzi shule ilituomba wazazi na wanafunzi tuandike maoni bila majina, yakabandikwa ukutani. Mimi nililalamikia vyoo na msongamano darasani. Pembeni nikaona kipande cha karatasi yangu ya kukatia nguo, kwa mwandiko wa binti yangu: "Hapa nikishikwa na kigugumizi, wenzangu wananisubiri nimalize."

Dada, kule shule ya kwanza walimcheka mpaka akaacha kunyoosha mkono. Nilisimama pale, moyo ukatulia.

Vyoo nitawasumbua mpaka vitengenezwe. Lakini kile kitanda ulichomwandalia binti yangu ili ahamie shule ya huko kwako, mlaze hapo mgeni mwingine.

Mdogo wako mbishi